Fundi wa Viti Aliyekataa Kubebwa

Jumatatu asubuhi nilikuwa sokoni Bomang'ombe nikibishana bei ya maharage na mama mmoja asiye na haraka ya kushindwa, simu ikaita. Alikuwa mume wa binti wa rafiki yangu, mama fundi wa viti. "Kaka, mama ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya Adhuhuri." Nililipa bei aliyoitaka yule muuza maharage bila kubishana tena, nikapanda basi la kwanza kurudi Moshi, na nikawahi kutupa udongo. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sipendi safu za maombolezo, maana humo kila marehemu hugeuka malaika ifikapo aya ya pili. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mbishi, na alinigombeza mbele za watu zaidi ya mara moja. Nimeumia kumpoteza, nasema wazi, lakini kila nikimkumbuka moyo unaruka kwa furaha, na leo nitauacha uruke.

Alikuwa wa zile familia za Kiislamu za hapa mjini ambazo ukiuliza asili yao utatajiwa makabila manne na kisiwa kimoja. Alishona viti vya magari karibu na stendi. Mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, akatembea kwa magongo maisha yake yote. Tulikutana miaka mitatu iliyopita kwenye shindano la ubunifu. Wafadhili walitaka mawazo ya kufanya upandaji wa treni uwe salama na rahisi kwa kila abiria, na mimi, kwa kosa la kujua kuandika, nikaitwa kuwa mmoja wa waamuzi. Vijana walikuja na picha za kuangaza ukutani na programu za simu za kumwonyesha abiria mlango ulipo. Yeye alikuja na kigari cha mbao alichokichonga mwenyewe, akakiweka mezani. "Nataka daraja la magurudumu, lisukumwe hadi mlangoni mwa behewa, mtu apande mwenyewe." Mwamuzi mwenzangu akauliza andiko la mradi liko wapi. "Andiko ni huu mguu," akajibu. Ukumbi ulicheka, nami nikacheka, kisha nikampa alama za chini kabisa. Zile programu zilinivutia sana, maana mimi maishani mwangu sijawahi kushindwa kupanda kitu chochote.

Kesho yake akatokea ofisini kwangu, akihema kwa ngazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba. Jumamosi nakwenda Korogwe kumwona dada yangu. Njoo unisindikize stesheni." Sikuwa na ujasiri wa kukataa. Treni iliposimama, ngazi ya kwanza ya behewa ilikuwa juu ya goti langu, na watu walisukumana na mikungu yao ya ndizi. Wapagazi wawili, watu wema kabisa, wakamshika, mmoja kwapani, mwingine mapajani, wakamwinua. Buibui likapanda. Mwanamke wa umri ule, ambaye hampi mkono mwanamume asiye ndugu yake, alibanwa kifuani mwa mtu asiyemjua mbele ya stesheni nzima. Alifumba macho mpaka walipomweka chini. Kisha akageuka pale mlangoni. "Umeona?" Nikasema nimeona. "Basi hiyo ndiyo njia yangu ya kumfikia dada yangu. Zamani nilikwenda kila mwezi. Siku hizi nasingizia kazi." Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sikuwa nimekilalia, lakini nilikaa mezani nikawapa kunguni alama.

Nikarudi kwa waamuzi wenzangu, nikasema nimekosea. Mwamuzi kukiri kosa ni jambo geni mjini kwetu, hivyo ilichukua vikao vitatu kuamini kwamba sikuwa naumwa. Mwishowe likapatikana fungu dogo la majaribio, kwa sharti moja: daraja likimkwaza abiria hata mmoja siku ya kwanza, mradi umekufa. Kazi wakapewa vijana wa chuo, chini ya mhandisi mmoja mpole mwenye miwani. Alipima kila kitu kwa makini, daraja likaungwa, likapakwa rangi. Siku chache kabla ya majaribio, fundi wa viti akaja karakana, akalizunguka mara mbili.

"Ulipima behewa lina watu?" akamuuliza mhandisi.

"Hapana mama, lilikuwa limeegeshwa tupu."

"Mimi nashona viti, mwanangu. Mtu mnene akikaa, springi zinashuka. Behewa nalo lina springi. Mwezi wa Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani na mizigo yao. Behewa litashuka, daraja lako litabaki juu."

"Ni tofauti ndogo sana hiyo, mama."

"Kwako ndogo. Kwa mwenye magongo, kidole kimoja ni ukuta."

Mhandisi alitabasamu kwa adabu, lakini kesho yake nilimkuta stesheni amechuchumaa na futi yake kando ya treni iliyojaa. Alipima, akapima tena, akanyanyuka na kurudi karakana. Wiki ile hawakulala sana. Walikata ncha ya daraja, wakaweka ulimi wa chuma wenye bawaba, unaolala juu ya sakafu ya behewa na kufuatana nalo likishuka au likipanda. Jambo jepesi kabisa. Wasomi wote tulikuwepo, wenye vyeti na wenye kalamu, na aliyeliona ni mtu anayeshinda amepiga magoti kwenye viti vya watu.

Siku ya majaribio nilikuwa na hofu kuliko siku ya harusi yangu. Treni ilikuja imejaa hadi mlangoni. Daraja likasukumwa, ulimi ukalala, akaweka gongo la kwanza, la pili, mguu. Alipanda polepole mno, na stesheni nzima ikageuka kumtazama, hata wauza karanga. Alipofika ndani hakugeuka kutupungia. Alikwenda kutafuta kiti chake kama abiria yeyote mwenye tiketi. Mimi nilipiga kelele ambazo mke wangu ananikumbusha mpaka leo, na mhandisi alivua miwani akaifuta muda mrefu. Vijana wakaunda daraja jingine kwa stesheni ya Korogwe, na tangu hapo alikwenda huko kila mwezi, na kila aliporudi alinipigia simu kunieleza kasoro mpya ya daraja.

Juzi, siku ya pili ya msiba, dada yake aliwasili kwa treni. Ni mzee kumzidi, na magoti yake yamechoka. Nilikwenda kumpokea na nikanyoosha mikono nimshushe. Akaniambia niiondoe, akateremka mwenyewe, taratibu, ameshika ukingo wa daraja la mdogo wake. Sasa nasikia wafadhili wanaandaa shindano jingine, na nimeombwa tena kuwa mwamuzi. Nitakubali, kwa furaha kubwa, ila nina sharti: ukumbini tusianze mpaka kila mwamuzi amemsindikiza safarini mtu ambaye fedha za wafadhili zinatolewa kwa jina lake. Wengine watasema tunapoteza muda. Mimi muda niliopoteza naujua: ni ile miezi ambayo ndugu wawili hawakuonana kwa sababu mmoja alichoka kubebwa, nami nilikuwa nimemwandikia alama za chini.