Taa Zilizofifia Wakati wa Kutunza

Saa tatu asubuhi ya Alkhamisi, Bi Kidawa Silima amekaa kitako mkekani, nyuma ya jukwaa la ukumbi mmoja wa Mlandege. Anakata pete za mpira wa ndani wa baiskeli alioununua Darajani. Kila pete anaivisha kwenye ganda la chuma la plagi, kisha anaijaribu kwa ukucha.

"Hii sasa haigusi chuma," anasema bila ya kuinua uso. "Na ikigusa, haina la kusema."

Kidawa, mama wa miaka thelathini na minane, alianza hapa mwaka 1965 kwa kushona mapazia. Mwaka juzi, ulipofungwa mtambo mpya wa kupunguza na kuongeza mwanga wa taa, fundi mgeni aliuona wepesi wa mkono wake akamfundisha kulehemu. Mshahara ukapanda kutoka shilingi mia na ishirini hadi mia na themanini, nao ndio unaowalisha watoto wanne na mama yake mzazi.

Kebo anazotengeneza haziwashi taa. Zinachukua amri tu, kutoka meza ya fundi hadi mtamboni: punguza, ongeza.

Basi likazuka la kuzuka. Kila siku ya taarabu, mwimbaji Bi Mwanakheir akishakoleza wimbo, kina mama wakainuka na noti zao kwenda kumtunza, taa zinafifia. Wakirudi vitini, zinawaka kama kawaida. Mji mzima ukasema husda hiyo! Mwimbaji wa watu akafukizwa ubani, akavishwa hirizi, mwisho akaapa hatii tena mguu pale.

"Na mimi nliamini," Kidawa anacheka. "Nkasema masikini, kijicho hichi kibaya."

Jumatatu iliyopita alikuwa akikung'uta pazia, miguu mitupu, taa zinajaribiwa. Akakanyaga plagi ya kebo yake mwenyewe ukingoni mwa jukwaa, taa zikafifia. Akainua mguu, zikarudi. Akakanyaga tena.

"Nkaganda pale pale. Nkasema lo, Kidawa, kikulacho ki nguoni mwako!"

Mafundi wa majumbani walikuwa wamemwambia kila chuma kipewe waya wa ardhi, wa kuutoa umeme uliovuja. Kwa taa zenyewe na kebo za umeme mkubwa ni kweli, na hizo hajazigusa. Lakini hata kwenye kebo za amri alikuwa ameliunganisha ganda la plagi na wavu wa shaba unaokinga nyaya za ndani. Watunzaji wakikanyaga, ganda linagusa chuma cha jukwaa, chenye ardhi yake. Ardhi mbili zikikutana, amri inavurugika.

Angeweza kunyamaza, maana lawama ilishabebwa na husda. Hakunyamaza. Alimwendea msimamizi wa ukumbi, Bwana Mabrouk.

"Kosa langu, bwana. Si la mtu mwengine."

Bwana Mabrouk si mtu wa maneno mengi. "Una mpaka taarabu ya Jumamosi," alimwambia. "Zikififia tena, unarudi kwenye mapazia."

Tangu hapo Kidawa amelehemu upya plagi kumi na nne, wavu mbali na ganda. Na leo hii, saa kumi alasiri, amekusanya majirani zake tisa, leso viunoni.

"Haya, tunzeni! Kanyageni bila ya huruma!"

Wanapanda, wanaringa, wanakanyaga. Taa hazipepesi hata kidogo. Hapo ndipo anapomwona Bi Mwanakheir, aliyemwita mwenyewe, amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Kumbe ni wewe uliyenivisha hirizi?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

Mwimbaji anazitazama taa, kisha anamtazama yeye. "Jumamosi ntakuja. Lakini hirizi siivui mpaka nione."

Kidawa hajapata kumtunza mtu maishani mwake. Siku zote yuko nyuma ya pazia. Jumamosi ameazimia kukaa mbele, doti mpya ya kanga mwilini na noti ya shilingi tano mkononi.

"Ntakuwa wa mwanzo kuinuka," anasema. "Ntapita juu ya plagi ile ile, kwa kisigino. Watu wote watamtazama Bi Mwanakheir. Mimi ntatazama juu."