Simu ya Mama Vifungo Haijui Leo ni Lini

Saa moja asubuhi, Mama Vifungo anakatisha mshono katikati, anaiacha sindano imezama kwenye kola ya shati na kukimbilia mlango wa chumbani. Mume wake amesimama kizingitini. Hajaanguka wala hajaumia. Ameganda tu, mguu mmoja mbele, mkono umeng'ang'ania fremu, na anataka kwenda chooni.

"Nakuja, baba, nakuja. Usilazimishe," anamwambia huku akichomoa simu kwenye mfuko wa aproni.

Anabonyeza. Gitaa linaanza, ngoma inaingia, na baada ya midundo michache goti la mzee linalegea. Anatembea mwenyewe hadi mwisho wa korido, kidevu juu, kama mtu aliyechelewa dansini. Mkewe anamfuata kwa nyuma, mikono tayari kumdaka, lakini hamgusi.

Ukiitazama simu hiyo, inasema ni Machi. Machi imeshapita kitambo.

"Humu ndani Machi haiishi," anasema mama huyo. Anacheka, lakini hacheki sana.

Jina la Mama Vifungo alipewa na wateja kwa ustadi wake wa kudarizi matundu ya vifungo. Hufanyia kazi sebuleni. Shati moja humpatia hela ya mboga ya siku mbili, siku za wateja wakarimu. Alihamishia cherehani nyumbani baada ya mumewe, dereva wa kreni mstaafu, kupata ugonjwa wa kutetemeka ambao madaktari huuita Parkinson. Wenye ugonjwa huo wakati mwingine hunasa mlangoni kana kwamba sakafu imewashika, na mdundo wa muziki huweza kuwafungua.

Kwa mzee huyu si muziki wowote. Ni wimbo mmoja wa bendi ya zamani, ambao wawili hao waliucheza enzi za uchumba. Mama Vifungo aliununua kwenye duka la muziki la mtandaoni, akalipa kama wanavyolipa wastaarabu. Majirani walimcheka: nyimbo za kunakili zimejaa mtaani, yeye anatoa hela yake!

"Mimi ni fundi. Sipendi mtu aibe kazi yangu, basi nami nisiibe ya mwenzangu," anasema.

Asichokijua wakati huo ni kwamba alichonunua hakikuwa wimbo hasa, bali ruhusa ya kuusikiliza, na ruhusa hiyo simu ilikuwa ikiiomba upya dukani kila mwezi, kimyakimya. Kisha kampuni mbili zikaanza kugombania hakimiliki ya bendi hiyo. Nyimbo zake zote zikaondolewa dukani na kila mahali mtandaoni. Ukiutafuta wimbo leo, unakutana na maandishi kwamba haupatikani.

Wimbo huu hakuna mtaani aliyewahi kuunakili, lakini waliochukua nakala za wizi za nyimbo nyingine wanaendelea kula raha zao. Aliyelipa ndiye roho inamdunda, na mwandishi anakiri kwamba jambo hili limemkera.

Aliyemwokoa ni fundi wa simu wa mtaani. Alizima intaneti, akairudisha tarehe nyuma, na simu ikaamini kwamba mwezi wa ruhusa haujaisha. Tangu hapo Mama Vifungo huirudisha tarehe nyuma kila baada ya siku chache. Haruhusu mgeni kuishika simu, hata mjukuu akililia picha. Akishtuka usingizini, kitu cha kwanza ni kupapasa chini ya mto.

Ujanja huo ulishamgharimu. Safari moja aliangalia simu ili ajue siku ya kliniki ya mumewe, akaona bado wiki mbili, akatulia na mashati yake. Kliniki ilikuwa imepita. Dawa zikaisha, na mzee akawa anaganda hata katikati ya chumba.

"Nililia, wallahi. Tarehe nimeirudisha mwenyewe, halafu nikaiamini mwenyewe!"

Alijaribu kuurekodi wimbo kwa simu ya jirani, ukatoka na mwangwi, ngoma imemezwa. Mzee aliusikiliza hadi mwisho, akasema ni wimbo mzuri sana, na hakunyanyua mguu.

Sasa betri imeanza kuvimba na kioo kinainuka pembeni. "Nikiitoa, tarehe inaweza kuvurugika, na hapo siwezi kukuahidi kitu, mama," fundi amemwambia. Anaweza kulivunja kufuli linalozuia wimbo usinakiliwe, lakini Mama Vifungo alikwenda kwanza kuuliza kwenye ofisi ya hakimiliki. Kijana wa mapokezi alimjibu kwa upole kwamba kuvunja ni kosa, hata kama alilipa.

"Nikamuuliza, sasa mwanangu, nifanyeje? Akaniambia nisubiri. Nimsubirishe mzee mlangoni?"

Mteja mmoja ndiye aliyemwambia kwamba mpiga gitaa wa bendi ile yu hai. Mama Vifungo akapata namba, akampigia kwa simu ya jirani, akamweleza yote na kumwomba ruhusa ya kuunakili wimbo. Mwanamuziki huyo akauliza, "Kumbe unao? Hebu niwekee nisikie. Mimi mwenyewe sina."

Akamwekea. Wimbo ulipokwisha, akaomba urudiwe.

"Ruhusa siwezi kukupa, dada yangu," akamwambia baadaye. "Karatasi walisaini wakubwa zamani hizo. Lakini vidole vyangu sikuwauzia. Jumamosi nakuja na gitaa, nimpigie shemeji hapohapo mlangoni."

Fundi wa simu ameahidi kuwapo na kinasa sauti kizuri. Kama ni halali au si halali, Mama Vifungo anasema atauliza ofisini Jumatatu, na safari hii hatakubali kuambiwa asubiri.

Kinachomnyima raha ni kingine. Mpiga gitaa ana miaka zaidi ya sabini, na kwenye simu aliupiga mluzi wimbo wake polepole mno, kwa huzuni. Mwendo huo mama huyo anaujua: mumewe angesimama palepale.

"Namheshimu, ni mtu mzima," anasema, akiangalia mlango wa chumbani. "Lakini nitamwambia tu. Kaka, samahani, piga kama ulipokuwa kijana. Kuna mtu hapa anataka kwenda chooni."