Unyoya wa Sirisia

Mama yangu, Sellah, alikuwa fundi wa kushona, na hasira yake ilijulikana kuanzia Tuwan tulikokaa hadi kwenye maduka ya mjini Kitale alikofanyia kazi. Watu walisema alizaliwa nayo. Huo ni uongo, na mimi huwaambia hivyo machoni. Nilikuwepo ilipoanza. Nilikuwa nimeketi mkekani Sirisia, nyumbani kwa baba, nikila kiazi kitamu, mwaka wa 1983, na kilichoianzisha ni unyoya wa kuku.

Kabla ya hapo mama alikuwa mtu wa mzaha. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa la Madanlal. Wateja walinunua kitambaa ndani, wakatoka nacho, naye akawapima palepale nje, pini zimejaa mdomoni, na bado akapata nafasi ya kumtania kila aliyepita. Hata Bimla, mke wa Madanlal, ambaye wafanyakazi wengine walimwogopa, mama alimwuliza inakuwaje anauza vitambaa vizuri namna ile na yeye mwenyewe havai ila sari moja. Bimla alicheka mpaka akajishika mbavu, akamletea chai.

Sasa niseme habari za unyoya, maana asiyetoka kwetu anaweza kudhani nazungumzia jambo dogo.

Katika ukoo wa baba, mtoto mchanga hakupakatwa na wazee kabla mama ya baba yake hajamkagua. Bibi yetu huyo aliitwa Nakhungu, na sisi tulimwita Kukhu, kama wajukuu wengi wa Bungoma wanavyowaita bibi zao. Alianza na kitovu, akaenda kwenye kucha, akamalizia masikioni. Nta ikionekana sikioni, huo ulikuwa ushahidi kwamba mama ya mtoto ni mvivu, na wageni wamekaa palepale wanatazama. Basi Kukhu alichomoa unyoya wa bawa uliochomekwa kwenye ufa wa ukuta juu ya mlango, akaulowesha kwa mate, akauingiza sikioni na kuuzungusha. Akiutoa, aliwaonyesha watu kilichotoka, na watu wakaguna kwa kuridhika. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya nyumba yetu.

Kuna ndugu zangu wanaosimulia jambo hili wakicheka. Mimi sicheki.

Mimi nilipitishwa kwenye unyoya nikiwa mchanga, na nikatoka mzima. Lishike hilo, maana ndilo lililokuja kutumika dhidi ya mama.

Ndugu yangu Khaemba alikuwa bado hajaanza kutambaa alipopelekwa. Unyoya ulipoingia sikio la kulia alishtuka, akarusha kichwa. Kukhu hakuacha. Akamwambia mama, "Mshike kichwa vizuri," na mama akamshika, kwa sababu mke hakumwambia mama mkwe hapana mbele ya wageni. Mtoto alilia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtoto yeyote. Kwenye unyoya kulikuwa na nta kidogo, na damu. Kukhu aliupangusa kwenye leso yake, akasema, "Imetoka yote," kisha akamgeuza mtoto upande wa pili.

Siku chache baadaye, tukiwa tumesharudi Tuwan, Khaemba alishikwa na homa na usaha ukaanza kutoka sikioni. Ulinuka. Mama alienda naye kazini akiwa amembeba mgongoni, na Bimla akauona ule usaha, akamhurumia. Kwao Bimla, mafuta ya haradali huchemshwa na kitunguu saumu, yakapoa kidogo, yakadondoshwa sikioni mwa mtoto. Alikuwa amewafanyia hivyo watoto wake wote. Alimpa mama chupa ndogo, akamwonyesha namna ya kumlaza mtoto kwa ubavu. Mama akayatia. Mtoto akalia, mama akaambiwa ni dawa inafanya kazi.

Baba, Jairus Barasa, ambaye alikuwa dereva wa lori la mahindi na alionekana nyumbani kwa nadra, alisema usaha wa masikio ni kitu cha watoto, utaisha wenyewe. Tukienda Sirisia, Kukhu aliutazama, akasema uchafu unataka kutoka, na sisi tuusaidie. Unyoya ukachomolewa tena. Ikawa hivyo kwa miezi na miezi: Sirisia mtoto anachokonolewa, Kitale anatiwa mafuta. Kila mtu alikuwa anamsaidia. Nikikumbuka jinsi wote walivyokuwa wanamsaidia, nasikia damu inapanda kichwani.

Kisha siku moja mama aliangusha mkasi. Ulikuwa ule mkasi mzito wa mafundi, ukaanguka kwenye sakafu ya simenti ya veranda, na watu wote wakageuka, mpaka mwuza ndizi upande wa pili wa barabara. Khaemba, ambaye sasa alikuwa anatembea, alikuwa amewapa watu mgongo, anapanga vigurudumu vya uzi vilivyoisha. Hakugeuka. Mama aliuokota mkasi, akauangusha tena, safari hii makusudi, karibu kabisa na visigino vyake. Khaemba aliendelea kupanga vigurudumu vyake. Mama alimwacha mteja amesimama na futi begani, akambeba mtoto, akaenda hospitali bila kuaga.

Huko waliambiwa warudi siku ya daktari wa masikio, na siku hiyo nami nilikuwa nao. Daktari alimulika ndani ya masikio yote mawili, kisha akauliza, "Mmekuwa mkiweka nini humu?" Mama akataja unyoya, akataja mafuta.

"Nani aliwaambia nta ni uchafu?" daktari akasema. "Hiyo sikio linajitengenezea lenyewe, mama. Inashika vumbi na wadudu wasiingie. Halafu inasonga nje yenyewe, polepole. Ile imefika nje, unapangusa na kitambaa laini, kimeloweshwa maji ya vuguvugu. Basi. Ndani hakuendi kitu. Unyoya hapana, njiti ya kiberiti hapana, hata kijiti cha pamba hapana, kinasukuma nta mbali zaidi."

"Na mafuta?"

"Mafuta hayawekwi kama hakuna mtu ameangalia ndani. Huyu kiwambo chake, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, kimetoboka pande zote mbili. Mafuta yalikuwa yanapita tu yanaingia kule ndani."

Kisha akasema yale ambayo mama aliyarudia maisha yake yote, kwa wateja na kwa wasioulizia: mtoto akiwa na homa na anavuta sikio, au sikio linatoa usaha au damu, au hashtuki kwa kelele, aletwe mapema. "Mapema," daktari alisema tena. Hakumgombeza mama. Afadhali angemgombeza. Alimpa dawa ya kukausha usaha, na usaha ukakauka baada ya muda, lakini kusikia hakukurudi. Sikio la kushoto lilibaki linasikia kidogo, mtu akipiga kelele karibu kabisa nalo.

Siku ileile ya daktari mama alirudi kwenye veranda, akachukua ile chupa ya Bimla, akayamwaga mafuta yote kwenye ngazi za duka mbele ya wateja. Madanlal alitoka akafungua mdomo aseme, mkewe akamzuia kwa mkono. Bimla aliingia ndani, akarudi na majivu, akayamwaga juu ya mafuta ili watu wasiteleze.

"Sellah," akasema, "mimi hapana jua."

"Hata mimi," mama akajibu, akaketi kwenye cherehani.

Sina ugomvi na Bimla, na sababu ni hii. Savitri, mke wa mtoto wake, alipojifungua, Bimla alimleta mjukuu pale nje, akamgeuza kichwa kwenye mwanga. "Sellah, tazama. Hii sikio iko na nta. Mimi fanya nini?" Mama alimjibu pini zikiwa mdomoni: "Ile iko nje, pangusa na kitambaa. Ile iko ndani, wachana nayo." Na Bimla akaachana nayo. Mwanamke aliyewatilia watoto wake wote mafuta, kama mama yake alivyomtilia yeye, aliambiwa mara moja tu na akasikia.

Kukhu aliambiwa na baba. Akaambiwa na mama. Akaambiwa na nesi wa zahanati ya karibu. Alisema uziwi wa Khaemba ulitoka upande wa mama yake. Baadaye akasema ulitoka kwenye maji ya Kitale, na baadaye tena akasema kuna mwanamke wa soko la Myanga aliyemwangalia mtoto kwa jicho baya. Na kila mara alimalizia hapohapo: "Na dada yake? Lakini huyo si anasikia? Unyoya ni huu tu."

Masikio yangu mazima ndiyo yaliyokuwa ushahidi wake. Yalitajwa kwenye matanga, kwenye harusi, jikoni. Nilifika mahali nikayachukia.

Mwaka wa 1990 mama alijifungua Zachary. Baba alisema lazima mtoto apelekwe Sirisia, wazee wanamngoja. Mama hakubisha. Alikaa kwenye cherehani jioni moja akashona kofia ya flana, nzito, iliyoshuka mpaka chini ya masikio, yenye kamba za kufunga kidevuni. Zile kamba alizishonea mara mbili. Nilimwona akizivuta kwa nguvu zote kujaribu kama zitakatika.

Nyumba ya Kukhu ilijaa wageni siku hiyo. Aliangalia kitovu, akaangalia kucha, akasifu. Kisha akafika kwenye kofia.

"Mbona mtoto amefungwa kichwa kama mtu anaumwa na jino?"

"Ni baridi, Mama," mama akasema.

"Baridi gani na hii jua? Fungua."

"Hapana."

Alilisema bila kupaza sauti. Baba aliinamisha kichwa. Kukhu aliinuka, akachomoa unyoya kwenye ufa wake, akasimama nao katikati ya chumba.

"Ati hapana. Basi niletee huyo msichana wake." Akaniita kwa jina. "Nasambu, kuja hapa. Si mimi nilikusafisha na hii? Ambia watu kama unasikia ama husikii."

Nilikuwa nimeketi ukutani kando ya Khaemba. Nilimsikia vizuri sana. Nikatazama mbele, kama Khaemba anavyotazama.

"Nasambu."

Sikugeuza shingo.

"Unaitwa," baba akasema. Shangazi mmoja akanipiga kofi dogo begani, nami nikamwangalia midomo yake kama sielewi inafanya nini. Nilitaka wakae na hicho kimya kidogo, wakionje.

Khaemba aliona watu wote wameelekea upande wetu na midomo inacheza. Alidhani anaitwa yeye. Siku zote ilimbidi akisie. Akasimama, akavuta shati lake likanyooka, akaenda mbele huku anatabasamu, mkono umenyooshwa kumsalimu bibi yake. Alipomkaribia ndipo alipoona kilicho mkononi mwake. Tabasamu likaisha. Aliurudisha mkono, akaziba masikio yake yote mawili kwa viganja, akasimama hivyo hivyo katikati ya watu, anamwangalia.

Hakuna aliyeguna. Kukhu alimtazama, akautazama unyoya. Ningependa kusema alilia au aliomba msamaha, lakini sitamsingizia wema ambao hakuwa nao. Aliurudisha unyoya kwenye ufa wake juu ya mlango.

"Basi kaeni na uchafu yenu," akasema.

"Tutakaa nao," mama akamjibu. Akamshika Khaemba mkono, Zachary yuko kifuani, na kofia ikabaki kichwani mpaka tukafika Kitale.

Zachary alikua anasikia mpaka yale asiyotakiwa kusikia. Masikio yake mama aliyapangusa kwa kona ya kitambaa akimaliza kumwogesha, nje tu. Khaemba alijifunza kushona. Alikaa kwenye cherehani ya pili pale veranda, akajua sindano imekatika kwa mtetemo aliouhisi mguuni, na wateja walizoea kumwonyesha kwa mikono. Mama alimpigania kila kitu, shule, kazi, hata bei za watu waliotaka kumpunja. Hiyo ndiyo hasira mnayosema alizaliwa nayo.

Kukhu alikufa mwaka wa 1997. Watu waliniambia kwenye matanga kwamba marehemu husamehewa. Niliwasikia. Asubuhi ya siku ya pili baada ya mazishi, wanawake walikuwa wamejaa mle ndani, na mmoja wa shangazi zangu alikuwa amepakata mjukuu wake aliyezaliwa juzi. Alimgeuza kichwa, akachungulia sikioni, akaguna. Akampa mwenzake mtoto, akainua mkono juu ya mlango.

Mama alikuwa mbali, anapika nje. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya uji. Khaemba ndiye aliyekuwa karibu, naye alikuwa amekua mrefu kuliko wote mle. Alinyoosha mkono juu ya mkono wa shangazi, akauchomoa unyoya, akauvunja katikati, akatoka nao mpaka kwenye jiko la mawe na kuutupa motoni.

Wanawake wakatoka nyuma yake wanampigia kelele. Walimwita mtovu wa adabu, walimwita mchawi, walisema anamdhihaki marehemu. Alisimama akiwa amewapa mgongo, anaangalia unyoya ukiungua, na hakusikia hata neno moja.