Kidole Kivivu cha Hawa Chinduli

Ijumaa alasiri, Mikindani. Uani kwa Bi Raheli moshi wa maganda ya korosho unawasha macho, ila Hawa Chinduli hainui uso. Anajipaka majivu viganjani, anashika korosho iliyokaangwa, anaigonga kwa kigongo. Ta! Punje inatoka nzima.

"Korosho haitaki hasira," anasema. "Ukija na ugomvi wa nyumbani, utatoa vipande vitupu."

Kidole cha mwisho cha mkono wake mmoja amekifunga kitambaa cheupe. Mgeni akimpa pole, wanawake wote uani wanaangua kicheko. Hakijaumia hata kidogo.

Hawa, miaka 34, mama wa watoto wawili, alizaliwa Kitaya, kando ya Mto Ruvuma. Alianza kubangua korosho baada ya kuachika, na wiki njema humpa kama shilingi elfu arobaini. Kazi ina adui mmoja, mafuta ya ganda. Yanachoma. Majivu hupunguza ukali wake, hayaumalizi, na kwa miaka mafuta hayo yamemlamba ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Ulaini huo ndio uliomponza. Kikundi chao cha wabanguaji kilipoanza kulipana kwa simu, Hawa alitaka kusajili namba kwa jina lake. Kitambulisho anacho, alama za vidole alizitoa Kitaya kabla hajakijua kigongo. Wakala wa simu akamwekesha gumba kwenye mashine. Ikakataa.

"Mashine ikasema mimi si mimi!" anasema Hawa. "Nikamwambia wakala, baba, basi iulize huyu anayetoka jasho hapa ni nani."

Akarudi tena, na tena. Ikabidi malipo yake yapitie kwa shemeji yake, Jafari, mume wa dada yake. Jafari si mtu mbaya, Hawa anasisitiza hivyo. Ni msahaulifu tu, na pesa ya mtu haitaki msahaulifu.

Masika yaliyopita mama yake, Bi Fatuma, alishikwa na homa kali huko Kitaya. Malipo ya Hawa yalikuwa kwenye simu ya Jafari, Jafari yuko msibani Masasi, simu imezimwa. Hawa alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba wamkopeshe za dawa, ilhali zake zipo.

"Mama alipona, alhamdulillahi. Lakini siku ile niliapa. Jasho langu mwenyewe sitalipigia magoti tena."

Wenzake walimsikia. Bi Raheli, mwenyekiti wao, mke wa mpakuaji mizigo wa bandarini aliyetoka Mbeya, akaamua Hawa aache kubangua kwa muda. Awe anachambua punje, wao wamgongee fungu lake, ngozi ya vidole ipate kurudi. Kila usiku alijipaka mafuta ya nazi.

Leo asubuhi alirudi kwa wakala. Gumba, hapana. Kidole cha shahada, hapana. Cha kati, hapana. Wakala akaanza kuifunga mashine yake.

"Nikamshika mkono. Nikamwambia, kuna mmoja hujamjaribu. Huyu mvivu."

Mbanguaji hushika korosho kwa gumba na vidole viwili. Kidole cha mwisho hukaa pembeni, kimesimama kama bwana harusi, mafuta hayakifikii. Mashine ikakipokea mara moja.

"Kumbe tulikuwa tunauguza vidole bure!" Bi Raheli anacheka mpaka anajifuta machozi. "Dawa anayo mkononi siku zote!"

Leo Hawa amerudi kwenye kigongo, ndiyo maana amekifunga. Hataki hata tone la mafuta likiguse.

Vigongo vinawekwa chini. Kila Ijumaa, kabla ya kutawanyika, wanakaa mkekani na sinia la ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, chumvi na pilipili pembeni, na kila mmoja anataja anachoshukuru kwa wiki hiyo. Sharti ni moja: atakayemwiga mwenzake anaosha masufuria. Mmoja anashukuru mtoto kuacha kukohoa, mwingine mvua kuisubiri mihogo yake ikauke. Zamu ya Hawa inafika.

"Nawashukuru nyinyi mlionigongea fungu langu. Na huyu mvivu, Mungu amtunze."

Bi Raheli anatuma malipo. Simu ndogo ya Hawa inalia. Anabonyeza, anatuma sehemu Kitaya, kisha anapiga na kuweka sauti kubwa.

"Mama, imefika?"

"Imefika, mwanangu. Mshukuru Jafari."

"Soma jina, mama."

Bi Fatuma anasoma taratibu, silabi kwa silabi. Uani hakuna anayetafuna.

"Ha-wa Chi-ndu-li... Hawa! Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Anataka shamba dogo Kitaya, apande mikorosho yake mwenyewe, na hati iandikwe jina hilohilo. Watu wa ardhi watataka alama ya kidole, anajua. Anakaza fundo la kitambaa kwa meno, anachukua mng'oko wa mwisho.

"Waje tu. Ninacho."