Mtu wa Shuka la Njano

Ulikuwa ule mwaka wa unga wa njano. Waliokula wanaujua: ugali wa mahindi ya msaada, rangi ya kiini cha yai, na ukipoa unaweza kuujengea nyumba. Sisi wa Heru Juu, tuliozoea ugali wa muhogo, tuliula tumenuna. Mwaka huohuo tukahamishiwa kijiji kipya, tukasimamisha nyumba ya miti na udongo haraka haraka, ukuta ukapasuka kabla haujakauka. Ufa ukaja kukaa juu ya kitanda changu. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na upepo wa kule kwetu kila nikilala unanipiga kifuani.

Siku moja nikateremka Kasulu mjini kununua chumvi. Nikamkuta mwenye duka anachana kitabu cha picha cha Kizungu, anafungia bidhaa. Jalada lake gumu, zuri, lina picha ya mtu. Nikamwomba.

"Chukua, dada," akasema. "Huyo kazi yake kuruka tu."

Nikalibandika juu ya ufa kwa uji mzito wa muhogo.

Kwenye jalada palikuwa na mwanaume anaruka angani, gari kalibeba kwa mkono mmoja, chupi ya kijani kaivaa juu ya suruali, na shuka la njano kalifunga shingoni. Majirani wakaja kumtazama. Chupi waliicheka mpaka wakachoka. Gari wakasema labda limeishiwa mafuta. Lakini mama mkwe wangu alikuwa anatazama lile shuka tu.

"Hiyo mbeleko," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

Kweli, shuka lilikuwa linapepea tupu.

"Kamwangusha," akasema jirani mmoja.

"Na hana habari! Ona anavyochekelea."

"Mwanaume umpe mbeleko! Si kaifunga shingoni?"

Mama mkwe hakucheka. Wifi yangu alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na mimba yangu ndiyo iliyokuwa imebaki kutazamiwa. Akanigeukia.

"Mbandue. Mwenye mimba halali chini ya mbeleko tupu. Utaniulia mjukuu."

Nikamjibu, "Simbandui. Akitoka yeye, unaingia upepo."

Siku tatu hakukanyaga kwangu. Siku ya nne akaingia na kipande cha mkaa, hakusalimia, akapanda kitandani na miguu yake ya udongo, akachora mtoto ndani ya lile shuka: kichwa kikubwa, masikio mawili, miguu imetokeza pembeni. Akashuka, akapangusa mikono.

"Haya. Sasa aruke."

Binti yangu alizaliwa na kichwa kilekile.

Nyumba ile siku hizi naweka maharage. Juzi mjukuu wangu, binti wa huyo binti, kaja kutoka Dar, kamwona mtu wangu ukutani, kapiga kelele kama kaona nyoka. Akanionyesha wenzake huyo mtu kwenye simu, kundi zima. Wote wanaruka, wote mashuka matupu. Aliyebeba mtoto ni wangu peke yake. Nikamsimulia yote: ufa, upepo wa kifuani, mkaa wa mama mkwe.

"Bibi, hili jalada ni la zamani sana, watu wanalitafuta. Nalibandua taratibu naondoka nalo. Huyo mtoto wa mkaa nitamfuta."

"Umfute mama yako?"

"Jamani, Bibi! Humu mna maharage tu. Maharage nayo yanaumwa kifua?"

Nikasimama kati yake na ukuta.

"Simbandui. Akitoka yeye, unaingia upepo."