Upande wa Mkanda Unaolegea

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nikiwa bado bibi harusi hapa Gongoni, nimekaa juu ya gunia mlangoni mwa mashine ya kusaga, na moyoni nimeshaamua kurudi kwetu Lusu bila kumuaga mtu. Vumbi la unga lilikuwa likielea chumbani na kutua kwenye kope zetu. Mvua ilivyokuwa ikipiga bati, nikawa kama niliyesinzia macho wazi, namsikia mama yangu akitwanga kule kijijini, hali mume wangu ananiita jina hapo hapo karibu.

Mume wangu, marehemu Sudi, alikuwa mtu mwema ila mwenye wasiwasi. Mashine ilikuwa ya mama yake, Bi Mwajuma, ambaye alituachia tuiendeshe, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Sudi aliogopa kupoteza chochote alichopewa, na mimi nilikuwa mmojawapo. Nikienda sokoni aliniuliza nimepitia wapi. Nikichelewa bombani alikuja kunifuata. Nikiomba ruhusa ya kwenda kumwona mama alisema mashine itabaki na nani. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana, Mungu amrehemu, lakini nilikuwa sipumui.

Na mkanda wa mashine aliufanyia hivyo hivyo. Ninyi mmekuta mota ya umeme, kwa hiyo ngoja nikueleze. Upande mmoja palikuwa na injini ya dizeli, upande wa pili kinu, na kati yao mkanda mpana wa turubai uliozunguka magurudumu mawili tuliyoyaita puli. Injini ikizungusha puli yake, mkanda unavuta puli ya kinu, mahindi yanasagika. Mvua zilipoanza watu wakaleta mahindi yenye unyevu, kinu kikawa kizito, mkanda ukawa unateleza. Sudi akairudisha injini nyuma ili aukaze. Ulipoteleza tena akaupaka nta ya nyuki, maana huku kwetu nta haikosekani na kila mtu ana dawa yake ya nta. Ikashika kidogo, kisha ikachanganyika na unga ikawa utelezi mtupu. Naye akakaza tena.

Siku hiyo kina mama walikuwa wamejaa na ndoo zao, khanga wamezifunga vizuri zisinaswe na mkanda. Kinu kikaanza kulia kilio chembamba, pakanuka grisi inayoungua. Bi Mwajuma alikuwa anatoka sokoni, akasikia tangu barabarani. Aliingia, akaitikia shikamoo zetu, akaagiza injini izimwe. Akapeleka mkono kwenye beringi, pale mhimili wa kinu unapozungukia, akauondoa upesi kwa jinsi palivyokuwa pa moto. Aliwaomba kina mama radhi, ndipo akamgeukia mwanawe, wala hakupandisha sauti.

"Sudi, baba, mkanda una pande mbili," alisema. "Huu unavuta, na huu unarudi umelegea. Kinu kinazunguka kwa sababu upande mmoja unavuta kuliko mwenzake. Wewe umezikaza zote mbili. Hiyo nguvu unayoiongeza haizungushi kitu, inauvuta mhimili tu, na siku moja utauvunja."

Sudi akajitetea kwamba akiulegeza utateleza.

"Utateleza ukiulegeza mno, au ukiupa mzigo usiouweza. Mahindi haya mabichi. Punguza mzigo kwanza, ndipo uulaumu mkanda."

Basi tukakwangua nta yote, tukasogeza injini mbele mpaka mkanda ukibonyezwa kwa mkono unakubali kidogo. Mahindi yaliyolowa yakaanikwa ndani juu ya mikeka, makavu yakamiminwa pole pole. Injini ilipowashwa, upande wa juu wa mkanda, ule unaorudi umelegea, ukawa unapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Kinu kikanyamaza kulia. Nikautazama ule mkanda hata nikasahau kwamba nilikuwa naondoka. Nilipogeuka nikamwona Sudi naye anautazama.

Kina mama walipokwisha kuondoka, alikuja akakaa kwenye gunia langu.

"Kesho nenda Lusu ukamwone mama," aliniambia. "Sitakuuliza utarudi lini."

Nililia, sikuficha. Nilikwenda, nikala na kulala kwa mama nilivyotaka, na Sudi hakutuma mtu wala hakuja kunifuata. Asubuhi moja niliamka nikajikuta natega sikio nisikie mashine, mahali ambapo hapakuwa na mashine yoyote. Nikafunga mzigo wangu mwenyewe.

Mwanangu, unakaribia kuoa, na juzi nimekuona unampigia mchumba wako simu kabla hajashuka hata kwenye bajaji. Nilicheka, kisha nikaogopa. Mpende, mshike, usimwache akateleza kwa kutojaliwa. Lakini mwachie upande wake ulegee: aende kwao, akae na wenzake, anyamaze akitaka kunyamaza. Nyumba ikianza kulia, tazameni kwanza mzigo mliojitwika, usikimbilie kumkaza mwenzako. Hofu yako itakudanganya kuwa ni mapenzi, nawe usiisikilize.

Mola akujalie mkono wenye kiasi, akupe na mke ambaye mlango ukiwa wazi, anaingia. Amina.