Ritifaa ya Wifi

Mchora vibao na wifi yake hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Wifi alikuwa mwalimu wa Kiingereza, dada mkubwa wa mume, na tangu siku ya posa alitangaza kwamba mdogo wake kaokota mke anayenuka rangi.

Mchoraji alivumilia miaka kumi na miwili. Herufi zake zilipendeza, ila shule aliiachia darasa la saba, na Kiingereza cha vibao alikinakili kwa mafundi wenzake. Aliwaona wakidondosha ritifaa, kile kialama cha kwenye neno ng'ombe, karibu na kila S, akadhani ni urembo. Ndipo muuza mayai alipomwagiza kibao, naye akaandika EGG'S.

Wifi alikipiga picha, akaituma kwenye kundi la familia. "Hili yai linamiliki nini? Tumuulize msomi wetu." Hata mama mkwe, asiyejua Kiingereza, alituma vikatuni vya kucheka.

Mchoraji alitafuta kitabu cha sarufi kilichochakaa, akakisoma mwezi mzima huku brashi zimelowekwa. Akajua kuwa wingi mtupu hautaki ritifaa, kuwa alama hiyo huonyesha mwenye kitu, na kuwa WOMEN, yaani wanawake, ni wingi tayari, hivyo alama hukaa kabla ya S, si baada yake.

Muhula uliofuata, mkuu wa shule anakofundisha wifi alimpa mchoraji kazi ya vibao vya vyoo vipya. Maneno aliyaandika wifi mwenyewe, akamkabidhi karatasi kwa ncha za vidole.

"Nakili kama ilivyo. Usituongezee urembo wako."

Mchoraji akasoma: WOMENS' TOILET. Akasoma tena.

"Kama ilivyo, wifi?"

"Kwani nimesema Kichina?"

Akanakili kama ilivyo, kwa herufi kubwa za samawati, na karatasi akaitia mfukoni.

Siku ya wazazi, mkaguzi wa elimu alisimama mbele ya kile kibao, akauliza nani kakiandika. Wifi akawahi kusema, "Huyo mchoraji. Hakusoma, nimemkanya mpaka nimechoka."

Mchoraji, aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa karibu, akafuta mikono, akampa mkaguzi karatasi. "Hati hiyo ni ya mwalimu. Mimi niliambiwa ninakili."

Mkaguzi akaitazama karatasi, akamtazama mwalimu. "Ni yako?"

"Niliandika haraka," wifi alisema. Mzazi mmoja alicheka puani.

Jioni mume alitaka yaishe. "Uliona kosa ukanyamaza. Kamwombe radhi, ni mkubwa wako."

"Aliponianika kundini, wewe ulisema nini?"

Mume akakoroga chai yake.

"Basi mkuki kwa nguruwe mtamu. Siendi."

Mume akachukua kikombe chake, akaenda kunywea nje.

Jumatatu mchoraji alirudi kurekebisha. Alikuwa juu ya ngazi wifi alipopita na madaftari kifuani, akasimama.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Kwangu usikanyage tena."

"Wifi, lini ulinikaribisha?"

Wifi akaingia darasani, akaubamiza mlango. Mchoraji aliyatafuta majuto, asiyaone. Akaifuta ritifaa, akaiweka kabla ya S, kisha akaihamishia ngazi kwenye choo cha wanaume, kulikokuwa na kosa lilelile.